Anza na betri: GPS ya kwanza ya mkononi kwa njia za Mwanza

Anayenunua GPS ya mkononi kwa mara ya kwanza huangalia ukubwa wa kioo na orodha ya setilaiti iliyochapwa kwenye boksi. Igeuze kwanza. Fungua mfuniko wa nyuma uone inakula betri gani. Kwa mtu wa Mwanza sina kigugumizi hapo: chukua inayotumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani. Utazipata Nansio, utazipata Kayenze, utazipata kwa Mangi mwenye rafu tatu kando ya njia ya kwenda Magu. GPS zenye betri ya kufungiwa ndani hukaa na chaji muda mrefu, sikatai. Watengenezaji Garmin wanaitaja GPSMAP 67 yao kuwa inafika saa 180. Lakini ikikuishia katikati ya Ukerewe siku umeme umekatika, kilichobaki mkononi ni plastiki. Na betri hiyo ikichoka baada ya miaka, itabidi umtafute fundi wa kuifungua.

Za AA nazo zina matabaka. Zile za bei ya chini kabisa, zilizoandikwa "heavy duty", ni za zinki na kaboni. Saa ya ukutani inaridhika nazo kwa sababu inavuta umeme kiduchu. GPS inavuta mfululizo, na ukiwasha taa ya kioo inavuta zaidi. Volti za betri hizo hushuka haraka zikibebeshwa mzigo, kifaa kinajizima huku umeme mwingi ungali ndani, na lawama zinakiangukia kifaa. Anza na za alkalini. Ukishaona unatoka kila wiki, nunua nne za kuchaji aina ya NiMH, za mAh 2,000 hivi (kipimo cha umeme zinaoubeba), zile zinazotunza chaji hata zikikaa kabatini mwezi mzima, pamoja na chaja inayochaji kila betri peke yake. Halafu ingia kwenye mipangilio, tafuta "Battery Type", weka NiMH. Betri hizi zina volti 1.2 badala ya 1.5, na kifaa kinachodhani kimewekewa alkalini kitakupigia kelele za kuisha mapema. Usichanganye mpya na kuukuu. Iliyo dhaifu huisha kwanza, mwenzake anaendelea kuisukuma mpaka inavuja, na ule unga mweupe unakula vyuma vya mguso.

Kwa waendesha baiskeli kuna jambo la ziada ambalo vipeperushi havilisemi. Barabara ya changarawe iliyopigwa na malori hutengeneza vituta vidogo vidogo vilivyofuatana kama bati. Ukivipita kwa kasi, betri hurukaruka kwenye springi, mguso unakatika kwa sehemu ndogo ya sekunde, kifaa kinazima. Unagundua kilomita sita mbele. Dawa ni kipande chembamba cha mpira wa tyubu kati ya betri na mfuniko, kiasi cha kuzibana tu. Kisiguse ukingo wa mpira unaozuia maji, maana hapo umeitoboa kinga yako mwenyewe. Kinga hiyo ikiandikwa IPX7 maana yake kifaa kinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Haimaanishi kinaelea. Kikidondoka kutoka kivuko cha Kamanga, kiage. Zipo za majini zinazoelea, kama GPSMAP 79, na mtu anayeishi kwenye mtumbwi anaweza kuzifikiria. Kwa wengine kamba ya shingoni inatosha, na kwenye baiskeli kamba hiyo hiyo ifungwe kwenye usukani hata kama kishikizo kinaonekana imara. Vishikizo vya plastiki huvunjika.

Kwani simu haitoshi?

Kwa mzunguko wa mjini, tuseme Capri Point hadi Bwiru na kurudi, inatosha kabisa. Weka programu ya Organic Maps au OsmAnd, pakua ramani ya Tanzania ukiwa nyumbani, ondoka. Simu haihitaji bando kujua ilipo. Inasikiliza setilaiti, na mtandao unaisaidia tu kupata nafasi ya kwanza upesi.

Simu inashindwa saa sita mchana. Iko kwenye usukani juani, inapata joto, inajipunguzia mwanga wa kioo yenyewe, na ndipo hasa unapouhitaji. Kioo cha GPS ya mkononi kimetengenezwa kutumia mwanga wa jua lenyewe: jua likiwaka zaidi, nacho kinasomeka zaidi. Mtikisiko pia si rafiki wa kamera za simu zenye kituliza picha; Apple wenyewe walitoa onyo hilo mwaka 2021 kwa wanaofunga simu kwenye usukani wa pikipiki. Na kioo cha kugusa kikipata jasho au mvua ya ziwani, matone yanabonyeza mambo usiyoyaomba. Vitufe kama vya kitochi havina usumbufu huo, ndiyo maana kwa GPS ya kwanza nasema vitufe.

Kwa majina, basi. Garmin eTrex SE ya mwaka 2023 ina kioo cha rangi moja na haina ramani: unafuata mshale na mstari tu. Betri mbili zinatajwa kufika saa 168, na ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 149.99. Kwa kurekodi njia na kusaka vijisanduku (mchezo wa kutafuta, kwa GPS, visanduku vilivyofichwa na wengine) haina kasoro kubwa. eTrex 22x ya mwaka 2019 ina rangi, inapokea ramani, ina GB 8 ndani na nafasi ya memori kadi, betri zinafika saa 25, dola 199.99 ilipotoka. eTrex 32x ni ile ile ikiongezewa dira ya sumaku, kipimo cha hewa cha kupimia kimo, na uwezo wa kusoma mkanda wa mapigo ya moyo. Hiyo ilitoka kwa dola 299.99. Juu yao kuna GPSMAP 65s yenye antena kubwa inayosikiliza masafa mawili, lakini betri zake zinaishia saa 16. Bei za hapa zitapanda juu ya hizo kwa usafiri, ushuru na VAT, kwa hiyo piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza, si baada ya kupigiwa simu kwamba mzigo umefika.

Mimi ningeanza na 22x kwa baiskeli na matembezi. Kwa anayejua kabisa kwamba atasaka vijisanduku kwenye mawe, 32x. Tofauti yao ni dira. GPS isiyo na dira ya sumaku inajua unakoelekea pale tu unapotembea. Ukisimama, mshale unazubaa. Kwenye baiskeli hutaliona hilo. Kati ya mawe, unakopiga hatua mbili na kusimama, litakukera. Dira ya 32x nayo inadai kusawazishwa upya kila unapobadilisha betri, mbali na chuma. Ukiisawazisha ikiwa imefungwa kwenye usukani wa Phoenix, umesawazisha Phoenix.

Mawe

Jiji la Miamba ni sifa nzuri kwa watalii na mtihani kwa GPS. Kifaa kinapata nafasi yake kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia kutoka setilaiti zisizopungua nne, zilizo kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ufukweni penye anga wazi, kosa ni mita 3 hadi 5. Jipenyeze kati ya majabali mawili ya Bugando au Bwiru, na anga unaloliona linabaki ukanda. Setilaiti zinapungua, na mawimbi ya zile zilizobaki yanafika yakiwa yamegonga jiwe kwanza. Yamezunguka, yamechelewa, kifaa kinahesabu uko mbali kuliko ulipo. Kosa la mita 15 au 20 hapo ni la kawaida. Kinachodanganya watu ni kwamba kioo bado kinaweza kuandika "mita 4": namba ile ni makisio ya kifaa kuhusu kazi yake chenyewe, na mwanafunzi akijisahihishia mtihani unajua atajipa ngapi. Vifaa vya masafa mawili hutenganisha vizuri zaidi mawimbi yaliyokuja moja kwa moja na yale yaliyodunda. Vinapunguza kosa, haviliondoi.

Kwa hiyo usiingie mawe ukiwa umeinamia kioo. Simama mita 20 au 30 nje, mahali pa wazi, subiri dakika mbili namba zitulie, soma umbali na uelekeo, uangalie unaangukia wapi. Zunguka upande wa pili ufanye vile vile. Mistari miwili mitatu ikikutana kwenye jabali moja, weka kifaa mfukoni utumie macho. Na wewe ukiwa ndiye unayeficha, usichukue kodineti (namba za mahali) za kusoma mara moja: tumia "Waypoint Averaging", iache ikusanye dakika kadhaa, kisha rudia baada ya saa moja na nusu au kesho yake. Setilaiti zitakuwa zimehama, na makosa ya jana hayatafanana na ya leo.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa kwetu, la kwanza ni la mipangilio. WAAS na EGNOS ni masahihisho yaliyotengenezwa kwa Amerika Kaskazini na Ulaya. Mwanza hayakusaidii, yanakula betri tu. Zima. GLONASS au Galileo, setilaiti za Urusi na za Ulaya, acha ziwake ukiwa kwenye mawe. Jambo la pili si la kitufe: tuko karibu na ikweta, ambako tabaka la juu la anga huchafuka baada ya jua kuzama, hasa majira ya Machi na Septemba. Namba zikianza kuyumba saa mbili usiku, usikipeleke kifaa kwa fundi.

Kodineti, au jinsi ya kufika Lira bila kukusudia

Katikati ya Mwanza ni karibu nyuzi 2 dakika 31 kusini, nyuzi 32 dakika 54 mashariki. Mahali hapo hapo simu itapaandika -2.5167, 32.9000. Wasaka vijisanduku wataandika S 02° 31.000 E 032° 54.000. Mpima ardhi atakupa UTM, mfumo wa gridi unaohesabu kwa mita: 36M, mashariki 489 elfu na kaskazini 9,722 elfu. Yote ni kweli, na humo ndimo wageni wengi wa GPS wanapopotea.

Kosa la kwanza ni kuiona 2.5167 kwenye simu na kuingiza 2° 51.67 kwenye kifaa. Umejirusha kilomita 38 kusini. Sehemu iliyo baada ya nukta inazidishwa kwa 60 kwanza: 0.5167 mara 60 ni dakika 31.00. Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85, kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ya dakika ni mita 1.85, na kuandika zaidi ya hapo ni urembo. Kosa la pili ni herufi. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimekaa kwenye N. Ukisahau kuibadilisha iwe S, mshale utavuka ziwa lote na kukuelekeza kaskazini ya Lira, Uganda, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapo uliposimama.

La tatu linawahusu wenye ramani za zamani za karatasi za serikali, zile za 1:50,000. Zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, wakati GPS inatoka kiwandani ikiwa na WGS 84. Ukichanganya hiyo miwili unapata kosa la mita 300 hivi, zaidi kwenye upande wa kaskazini na kusini. Ni kosa baya kwa sababu halionekani: mlima upo, mto upo, ila kila kitu kimesogea kidogo. Unaposoma karatasi hiyo, badilisha "Map Datum" iwe Arc 1960, ukimaliza, rudisha.

Ramani

Kifaa kilichonunuliwa nje huja na ramani nzuri ya Ulaya au ya Marekani. Kwa Tanzania utakuta ile ya dunia nzima: ziwa, majina ya miji, barabara kuu, basi. Usinunue nyingine kabla ya kujaribu za bure za OpenStreetMap, ambazo kwa vijiji vya kanda ya ziwa zimejazwa sana na watu wa kujitolea wakiwemo Crowd2Map. Tovuti za OpenTopoMap na BBBike zinazitoa zikiwa tayari kwa Garmin. Pakua faili la Tanzania lenye mwisho wa .img. Chukua memori kadi ya GB 8 au 16, iumbize (format) kwa FAT32, tengeneza humo folda iitwayo Garmin, weka faili ndani. Kwenye eTrex kadi inakaa chini ya betri. Kwa vifaa vya zamani faili lazima liitwe gmapsupp.img, vya sasa vinakubali jina lolote. Washa, nenda kwenye mipangilio ya ramani, izime ile ya dunia ili mbili zisipandane.

Yanayoharibika hapa ni mawili. Kadi bandia: imeandikwa GB 64, ndani ni chache, faili linakatika katikati na kifaa kinagoma kuwaka. Na kuchomoa waya bila kuaga kompyuta, matokeo yale yale. Kabla ya kutangaza msiba, toa kadi, washa bila kadi. Kikiwaka, ubovu ni wa kadi.

Ramani huzeeka. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Ramani uliyopakua kabla ya hapo inaweza bado kukupangia kivuko kwenda Sengerema. Pakua upya angalau mara mbili kwa mwaka.

Kuhusu kukiachia kifaa kikuchagulie njia ya baiskeli, mimi siamini. Kwenye vilima vya Mabatini na Igogo, kile ambacho ramani inakiita njia mara nyingi ni ngazi kati ya nyumba mbili, na kifaa hakijui una baiskeli begani. Chora mstari wako kwenye kompyuta, kwa tovuti ya gpx.studio kwa mfano, uhifadhi kama faili la GPX, uweke kwenye folda ya Garmin/GPX, kisha ufuate mstari. Kurekodi nako kuangalie: 22x inabeba nukta 10,000 kwenye rekodi moja. Ukiiwekea nukta moja kila sekunde, zimejaa baada ya saa 2 na dakika 46. Kila sekunde 5 zinakufikisha karibu saa 14, na kwa baiskeli tofauti hutaiona.

Wenye 32x wana bahati moja ambayo watu wa Arusha hawana. Kipimo cha hewa kinahitaji kuambiwa kimo sahihi kabla ya safari, na sisi tuna rula kubwa mlangoni: uso wa ziwa uko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari. Nenda ufukweni, mkabala na Jiwe la Bismarck panafaa, weka 1,135, anza kupanda. Usishangae ukirudi saa kumi jioni ukakuta ziwa "limepanda" mita 20 au 30. Katika nchi za joto mgandamizo wa hewa hufika juu karibu saa nne asubuhi na kushuka karibu saa kumi jioni, kila siku, mvua iwepo isiwepo. Kifaa kinaiona hewa ikipungua, kinadhani umepanda mlima.

Jiokashi yenyewe, huu mchezo wa kusaka vijisanduku, ilizaliwa na uamuzi wa Marekani: usiku wa kuamkia Mei 2, 2000 waliacha kuyapotosha makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na Mei 3 Dave Ulmer akaacha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza kodineti zake. Tanzania vijisanduku ni vichache ukilinganisha na Ulaya, kwa hiyo wengi wa hapa wataficha zaidi ya kutafuta. Tumia chombo chenye mfuniko wa kubana na mpira, weka penseli badala ya kalamu ya wino, usizike ardhini, na kisiwa cha Saanane usiguse bila ruhusa ya TANAPA, ile ni hifadhi ya taifa. Upenyo kati ya mawe una wenyewe: pimbi, na wanaowala pimbi. Ingiza fimbo kabla ya mkono. Tena mtu anayezunguka jabali moja mara nne akitazama kimashine atazua maneno mtaani; pita kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, mweleze, mwonyeshe.

Ukiamua kununua ya mtumba, fungua betri kwanza uangalie kutu, kisha bonyeza mpira wa pembeni uone kama umebanduka, kwa sababu maji hupitia hapo. Ile eTrex ya njano ya zamani iache: haina USB, inataka waya wa siriali ambao kompyuta yako haina tundu lake. Kifaa kikionyesha tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20, hakijaharibika lazima. Hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri Aprili 6, 2019 na vya zamani havikuambiwa. Nafasi bado kitaitoa sawa. Na kama kimetoka nje ya nchi au kimekaa kabatini miaka, usikijaribie ndani ya duka lenye paa la bati. Toka nacho nje, kiweke juu ya ukuta mahali pa wazi, usikisogeze kwa dakika 15. Almanaki nzima ya setilaiti, ratiba ya zote ziko wapi, huchukua dakika 12 na nusu kushuka, na muuzaji anayekuharakisha kabla ya hapo, mrudishie mali yake.